Nazi, Samaki na Hesabu ya Malighafi: Mwongozo wa Usindikaji Mdogo katika Ukanda wa Kaloleni, Kilifi na Malindi

Usindikaji ni kazi ya kugeuza mazao ya shamba au ya bahari yawe bidhaa inayodumu, inayobebeka kwa urahisi na inayouzwa kwa bei bora kuliko malighafi, yaani zao lenyewe kabla halijatengenezwa. Katika pwani ya Kenya kazi hiyo imezoeleka kuelezwa kana kwamba ni suala la mashine na majengo, ilhali historia ya Kaunti ya Kilifi inaonyesha kwamba mashine zinaweza kuwapo, jengo likawapo na wafanyakazi stadi wakawapo, na bado kiwanda kikafa. Kiwanda cha korosho cha mjini Kilifi, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970, kilitegemea utaratibu wa soko uliokihakikishia korosho za wakulima. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 wafanyabiashara walianza kuzinunua mashambani na kuzisafirisha zikiwa ghafi, hasa kwenda India, kiwanda kikabaki na uwezo mkubwa na korosho chache, na kabla ya muongo huo kwisha kilikuwa kimesimama. Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa korosho ghafi mwaka 2009, lakini wakati huo mikorosho mingi ilikuwa imezeeka na wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu, unaokusudiwa vikundi, vyama vya ushirika na wawekezaji wadogo wa Kaloleni na majirani zake, hauanzi na mashine. Unaanza na swali la kiasi gani cha malighafi kinaweza kupatikana, mwezi gani, kutoka kwa nani na kwa makubaliano gani, na unashikilia kwamba katika ukanda huu nazi ndiyo inayopaswa kubeba gharama za mwaka mzima, huku samaki, embe, muhogo na korosho vikiingia kwa misimu yake.

Kuhesabu kabla ya kununua

Kaloleni imekaa juu ya miinuko iliyo nyuma ya pwani, mahali ambapo mvua ya mwaka, yaani ya masika, na ya vuli inatosha kustawisha minazi. Kadiri mtu anavyoelekea magharibi, upande wa Mwanamwinga, minazi hupungua na nafasi yake huchukuliwa na mifugo na nyika kavu. Barabara ya Mariakani hadi Mavueni inauunganisha mji huo kwa upande mmoja na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na kwa upande mwingine na barabara ya Malindi, kwa hiyo gari linaloondoka Kaloleni alfajiri na shehena ya nazi au mafuta linaweza kufika Kilifi, Takaungu, Watamu au Malindi na kurudi siku hiyo hiyo likiwa na samaki na chumvi. Uhusiano huo wa bara na pwani ni wa kale, na msindikaji anayeutumia vizuri hujipunguzia gharama ya gari linalorudi tupu, gharama ambayo aghalabu haionekani katika mipango ya biashara.

Hesabu ya nazi haina budi kuanza na miti. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, ambao ndio ulioenea katika mashamba ya Wamijikenda, huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane na huzaa kwa miongo kadhaa, lakini mti uliozeeka au ulioachwa bila palizi na bila samadi huweza kutoa nazi 30 au 40 tu kwa mwaka. Kikundi kinachotaka kusindika nazi 500 kwa siku, kwa siku 250 za kazi katika mwaka, kinahitaji nazi 125,000. Ikiwa kila mti unatoa nazi 40, hiyo ni minazi 3,125 ambayo mavuno yake yote yanakwenda kiwandani. Hata hivyo hakuna mkulima anayetoa mavuno yake yote, kwa kuwa baadhi huliwa nyumbani, baadhi huangushwa zikiwa madafu, na baadhi hununuliwa shambani na madalali wanaozipeleka Kongowea, soko kuu la mazao mjini Mombasa, au moja kwa moja hadi Nairobi. Kwa hiyo makadirio ya busara ni kuchukua nusu ya mavuno, na idadi ya miti inayohitajika inafika 6,250. Kikundi ambacho hakijatembelea mashamba na kuandika majina ya wenye minazi hiyo, mti kwa mti, bado hakijawa tayari kununua mashine, hata kama fedha zimepatikana.

Lipo shindano jingine ambalo mgeni katika eneo hili anaweza kulisahau, nalo ni tembo la mnazi. Mgema, yaani fundi anayepanda mnazi na kugema utomvu wa kole changa kabla halijachanua, huchukua kutoka kwenye kole hilo kile ambacho kingekuwa nazi, kwa hiyo mti unaogemwa hauwezi kuhesabiwa kuwa mti wa nazi kwa muda huo. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyewachunguza Wagiriama wa Kaloleni na kuchapisha kitabu kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses mwaka 1972, alionyesha jinsi biashara ya mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, ilivyowavuta baadhi ya wakulima kukusanya minazi na ardhi, huku tembo likiendelea kushika nafasi yake katika harusi, matanga na mabaraza ya wazee. Mvutano huo haujaisha. Msindikaji anapaswa kuuheshimu: tembo humpa mkulima fedha taslimu kila siku, na kiwanda kinacholipa baada ya mwezi mmoja hakiwezi kushindana nalo hata kikiahidi bei nzuri zaidi.

Nazi na kila kilicho ndani yake

Ubora wa mafuta huamuliwa juu ya mti. Tunda la mnazi hupita hatua za kidaka, kitale, dafu na koroma kabla ya kuwa nazi kamili, na safari hiyo tangu ua kuchanua huchukua takriban miezi 12. Koroma, ambalo maji yake bado ni mengi na nyama yake bado ni laini, lina mafuta kidogo, tena mbata yake hujikunja na kuoza upesi. Lakini mkwezi anayelipwa kwa idadi ya miti aliyopanda, si kwa nazi zilizokomaa, ataangusha koroma pamoja na nazi ili asilazimike kurudi mapema. Dawa yake ni kulipa kwa nazi iliyokubaliwa baada ya kuchaguliwa, na kuyarudisha makoroma kwa mwenyewe bila ugomvi, kwa kuwa kanuni hiyo ilikwisha kuelezwa kabla ya siku ya kwanza ya ununuzi.

Baada ya nazi kufuliwa kwenye kifuo, yaani mti wenye ncha uliosimikwa ardhini kwa ajili ya kuondoa makumbi, kuna njia tatu za kupata mafuta, na uchaguzi kati yake hutegemea mnunuzi aliyekwisha kupatikana.

Njia ya kwanza ni ya mbata. Nyama ya nazi mbichi ina maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na lazima ikaushwe hadi maji yabaki asilimia sita au saba. Nazi tano au sita za kienyeji, kutegemea ukubwa, hutoa kilo moja ya mbata, na zaidi ya nusu ya uzito wa mbata hiyo ni mafuta. Hatari iko katika saa za kwanza. Nazi iliyopasuliwa inapaswa kuanza kukaushwa ndani ya saa nne, kwa maana joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu haraka, na kuvu wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa wanaweza kutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini, sumu ile ile iliyoua zaidi ya watu 100 Ukambani mwaka 2004 kupitia mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mbata inapokamuliwa sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki katika mashudu, na mashudu hulishwa ng'ombe, na kutoka kwa ng'ombe sumu hupita hadi kwenye maziwa; katika eneo ambalo maziwa ni pato la familia nyingi, kama lilivyo eneo la Mariakani, uzembe wa mkaushaji mmoja wa nazi unaweza kuishia katika kikombe cha chai cha mtoto wa jirani. Kuanika mbata juani kwenye mchanga au kando ya lami, jambo linaloonekana mara nyingi, hakufai hata siku moja. Uchanja ulioinuliwa na kufunikwa kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, au tanuri la hewa moto linalotumia vifuu kama kuni bila moshi kuigusa nazi, ni gharama ndogo ikilinganishwa na shehena moja iliyokataliwa.

Njia ya pili ni ya tui. Nazi hukunwa, tui hukamuliwa na kuachwa litulie kwa saa 16 hadi 24 katika chombo safi, na mafuta hujitenga yenyewe na maji. Mafuta hayo huchotwa, huchujwa na kupashwa moto mdogo ili maji yaliyosalia yatoke. Bidhaa inayopatikana ni mafuta meupe yenye harufu ya nazi mbichi, yanayouzwa kwa wapishi na kwa watengenezaji wa vipodozi kwa bei iliyo juu kuliko mafuta yaliyopikwa. Akina mama wa pwani wamekuwa wakipata mafuta kwa kulichemsha tui hadi shata, yaani masimbi ya hudhurungi, yatue chini, na ujuzi wao wa kuchuja kwa kifumbu na kutambua tui zuri kwa jicho ni mtaji ambao haufundishwi katika semina ya siku mbili. Linalobadilika ni kiwango cha moto, usafi wa vyombo na kipimo cha maji. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kupasha kijiko kimoja cha mafuta: yakialika na kurusha matone, bado yana maji, na mafuta yenye maji huchacha yakiwa dukani. Kwa njia hii nazi 11 hadi 14 zinahitajika kwa lita moja, kwa hiyo kikundi cha nazi 500 kinapaswa kutarajia lita 35 hadi 45 kwa siku, na mpango wowote wa biashara unaotaja zaidi ya hapo usomwe kwa makini.

Njia ya tatu ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi na watu wa Kaloleni. Katika miaka ya 1990 mwanauchumi wa kilimo wa Australia, Dan Etherington, alisaidia kubuni utaratibu ambao nazi iliyokunwa hukaushwa juu ya bamba la chuma lenye moto, ikabaki na unyevu wa kiasi cha asilimia 10 hadi 12, kisha ikakamuliwa papo hapo kwa shinikizo la mkono, mafuta yakapatikana katika muda wa saa moja hivi tangu nazi kupasuliwa. Utaratibu huo ulienea katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hasa Visiwa vya Solomon, kwa sababu hauhitaji umeme wala kuni za kununua: moto wake ni wa vifuu na makumbi ya nazi zile zile. Kijiji cha Kaloleni ambako umeme hukatika na kuni zinazidi kuwa haba kinafanana na kijiji cha Solomon kuliko kinavyofanana na kiwanda cha Mombasa, na faida kubwa ya utaratibu huo ni kwamba mafuta hayapiti usiku ndani ya tui, ambako ndiko uchachu huanzia.

Kumbi ni theluthi moja hivi ya uzito wa tunda, na kifuu ni zaidi kidogo ya sehemu ya kumi, kwa hiyo kiwanda kinachouza mafuta tu kinaacha sehemu kubwa ya mali yake ikirundikana nyuma ya jengo. Makaa ya vifuu huwaka kwa joto kali na moshi mdogo, na wachoma nyama na wenye hoteli za Watamu na Malindi ni wateja walio karibu. Nyuzi za makumbi zina kazi yake katika kamba, mikeka ya mlangoni na magodoro, ila njia ya zamani ya kuyafukia makumbi katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa ili yaoze haifai kuhamishiwa Kaloleni, kwa kuwa bwawa la kuozesha huchafua maji, na maji ya Kaloleni tayari ni machache. Machicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa tui, yakikaushwa siku hiyo hiyo husagwa kuwa unga wa kuokea mikate au chakula cha kuku. Yakilala hadi kesho hayafai kuliwa na mtu.

Samaki: kazi ya barafu na upepo

Samaki hasubiri. Katika joto la pwani samaki aliyelala bila barafu kwa saa chache amekwisha kupoteza thamani ambayo hakuna moshi wala chumvi itakayoirudisha, na kanuni inayopaswa kuandikwa kwenye ukuta wa kila bandari ndogo, kutoka Takaungu hadi Mayungu na Ngomeni, ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, barafu iliyotengenezwa kwa maji yanayofaa kunywewa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jodari, nguru na vibua. Samaki wa jamii hizo wakiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini, ambayo humletea mlaji uso kuwaka, ngozi kuwasha na kichwa kuuma, na ambayo haiondolewi kwa kukaanga, kwa kugandisha wala kwa moshi. Msindikaji anayenunua jodari aliyelegea kwa sababu ni wa bei ya chini, akidhani moto utamsafisha, anahatarisha afya ya wateja wake.

Kalenda ya bahari huongozwa na pepo mbili. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari hutulia na vyombo vidogo hufika mbali. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, mawimbi huwazuia wavuvi wengi ndani ya miamba na samaki huadimika. Kaskazi ndiyo pia hewa kavu inayofaa kuanika, kwa hiyo asili yenyewe imeweka wingi wa samaki na ukavu wa upepo katika miezi ile ile, na akiba ya ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, inapaswa kuwekwa katika miezi hiyo ili iuzwe bara wakati wa kusi. Soko lake halihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa ng'onda na papa mkavu ni kitoweo kinachojulikana katika nyumba za Kaloleni, Kayafungo na Ganze, mahali ambapo samaki mbichi hufika kwa shida.

Utengenezaji wa ng'onda bora si mgumu, bali unahitaji ukaidi katika mambo madogo. Samaki apasuliwe na kuoshwa kwa maji safi akiwa bado mgumu; apangwe na chumvi safi ya mawe, ambayo hupatikana karibu kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, Ngomeni na Marereni; na maji yanayotoka yaachwe yachuruzike, si kumlowesha tena. Baada ya hapo aanikwe juu ya uchanja wa wavu ulioinuliwa usawa wa kiuno, upepo upite juu na chini, na afunikwe jioni dhidi ya umande. Inzi wakiwa wengi, chandarua chepesi hutosha. Kupuliza dawa za wadudu, hata zile za nyumbani, ni kosa la jinai dhidi ya mlaji na halina udhuru. Ng'onda akianza kuonyesha madoa mekundu amevamiwa na vijidudu vinavyopenda chumvi, vinavyokuja na chumvi ya jua iliyotumika mara mbili au na ghala lenye joto na unyevu, na kundi lote litenganishwe mara moja na samaki wengine. Dagaa hufuata kanuni hizo hizo, isipokuwa hukauka upesi na hivyo wanafaa sana kwa vikundi vinavyoanza.

Hapa ndipo Kaloleni na pwani zinapokutana katika hesabu moja. Mama karanga, yaani wanawake wanaonunua samaki wadogo bandarini, kuwakaanga na kuwauza mitaani, ndio wasindikaji wakongwe na wengi kuliko wote katika pwani hii, na mafuta ndiyo gharama inayowaumiza baada ya samaki mwenyewe, kiasi kwamba wengi hulazimika kurudia mafuta yale yale hadi yawe meusi. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa kwenye mbata huvumilia moto bila kuharibika upesi, kwa kuwa tindikali zake nyingi ni za aina isiyoungana na hewa kwa urahisi. Kikundi cha Kaloleni kinachowauzia mama karanga mafuta ya daraja la pili kwa madebe, moja kwa moja bila dalali, na kurudi na dagaa wakavu na chumvi, kinapata soko la kila wiki lisilotegemea watalii wala maonyesho ya biashara. Mafuta ya tui, yenye bei kubwa, yasipelekwe huko. Aidha, nazi na samaki visikaushwe kamwe katika tanuri moja wala kuhifadhiwa katika chumba kimoja, kwa sababu mafuta ya nazi hunyonya harufu, na pipa lililonusa papa halitauzika kwa mtengeneza sabuni wala kwa mpishi.

Samaki wa kununuliwa kwa ajili ya usindikaji wapitie kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kinachojulikana kwa kifupi cha Kiingereza cha BMU, chombo cha wavuvi na wachuuzi kilichowekewa kanuni zake mwaka 2007 na kuendelea chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016. Huko kuna daftari la samaki waliopakuliwa, na daftari hilo likisomwa kwa miaka miwili au mitatu humwonyesha msindikaji ukweli wa misimu kuliko matumaini ya mtu yeyote. Kuhusu kamba wa Ghuba ya Ungwana na Malindi, ambako uvuvi wa meli za kukokota nyavu ulisimamishwa mwaka 2006 baada ya malalamiko ya wavuvi wadogo na kurejeshwa miaka ya baadaye chini ya mpango wa usimamizi, ushauri ni kwamba kikundi kidogo kisiweke mtaji wake wote katika bidhaa ambayo upatikanaji wake unategemea maamuzi ya mbali namna hiyo.

Mazao ya msimu

Embe za Kilifi na Malindi huja kwa wingi kwa pamoja, zikashusha bei hadi kuoza chini ya miti, na ngowe, kwa kuwa nyama yake ni ya rangi iliyokolea na nyuzi chache, ndiyo inayofaa kukaushwa vipande. Embe za kienyeji zenye nyuzi ziachiwe juisi na achari. Zaidi ya kilo kumi za embe mbichi huishia kuwa kilo moja kavu, kwa hiyo bei ya kununulia ndiyo kila kitu. Tunda lenye tobo la inzi wa matunda likataliwe mlangoni.

Muhogo unaharibika ndani ya siku mbili au tatu baada ya kung'olewa, jambo ambalo linamfanya msindikaji awe karibu na shamba kuliko soko. Kibandameno, unaopendwa kwa utamu wake, unafaa kukaangwa vipande. Aina zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Mtwapa, zikiwamo Tajirika na Shibe, zilikusudiwa mavuno mengi na hivyo zinafaa unga. Muhogo mchungu una sianidi na lazima ukunwe, uvundikwe na ukamuliwe kabla ya kukaushwa, wala usichanganywe na mtamu katika gunia moja.

Korosho huhitaji kilo nne au tano za ghafi kwa kilo moja ya kiini, na maji ya ganda lake huunguza ngozi, kwa hiyo wabanguaji wanahitaji glovu au mafuta ya kupaka mikono kila saa. Kikundi kisichokuwa na mkataba wa korosho zake kisifungue kazi hii; kiwanda cha Kilifi ni ushahidi wa kutosha.

Maji, vyeti na mikataba

Maji ndiyo yanayosahauliwa hadi siku ya kufungua. Maji ya mfereji wa mji hayafiki kila siku, na chakula hakisindikwi kwa maji ya kubahatisha. Paa la mita mraba 100 hukusanya karibu lita 1,000 kila mvua inaponyesha milimita 10, kwa hiyo jengo lijengwe likiwa na mifereji na matangi tangu mwanzo, na maji ya kisima yapimwe kwanza chumvi na vijidudu. Maji ya nazi yasimwagwe nyuma ya jengo, ambako huchacha na kualika inzi. Yakivundikwa vizuri hutoa siki.

Kwa upande wa sheria, jengo linahitaji leseni ya kaunti na ukaguzi wa afisa wa afya ya umma, wafanyakazi wanaogusa chakula wanahitaji vyeti vya afya vinavyohuishwa kwa wakati, na bidhaa iliyofungashwa inahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ihusishwe kabla ya msingi kuchimbwa. Wapo wanaoziona taratibu hizi kuwa vikwazo tu, lakini Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu za usafi na matumizi ya sumu katika uvuvi, walioumia zaidi walikuwa wavuvi waliokuwa wakifanya kazi yao kwa uaminifu. Daftari la kila siku linaloandika nazi zilitoka kwa nani, zilipasuliwa saa ngapi na mafuta yake yaliingia chupa zipi, ndilo linalomwokoa mwaminifu pale mwingine anapokosea. Lebo nayo iseme wazi kwamba mafuta ya nazi huganda na kuwa meupe chini ya nyuzi 24 hivi, la sivyo mteja wa Nairobi atayarudisha mwezi Julai akidhani yamechanganywa na kitu.

Lililobaki ni mkataba na wenye minazi. Katika sehemu nyingi za Kaloleni mwenye mti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili, na minazi huweza kuwekwa rehani wakati ardhi iliyo chini yake haikuguswa. Ndiyo maana Parkin aliwakuta wazee wakihitajika kama mashahidi katika kila mauzo ya maana. Msindikaji aandike mkataba kwa Kiswahili, na pale inapohitajika usomwe kwa Kigiriama mbele ya wazee wa pande zote mbili, ukitaja idadi ya miti, mipaka yake, bei ya nazi iliyokomaa, siku ya malipo na kitakachofanyika mti ukigemwa. Nakala moja ikae kwa mkulima, moja kwa mzee shahidi na moja ofisini, na malipo ya ununuzi wa kwanza yafanywe siku hiyo hiyo, kabla gari la nazi halijaondoka shambani.